MAZUNGUMZO YA AFYA: TUCHUNGUZE MABAKA NA MADOA YA NGOZI ZETU KABLA HAYAJAWA MARADHI MAKUBWA

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo ya elimu ya afya yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria. Wakuu wa Idara na Masheha wanaombwa kuyabandika katika mbao za matangazo.)

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulifikiria. Jambo hilo ni saratani ya ngozi, na khasa namna mtu wa kawaida, asiye na chombo chochote isipokuwa macho yake na kioo, anavyoweza kuitambua mapema.

Natambua kuwa wapo miongoni mwenu ambao, baada ya kusikia mada hii, walijiuliza: “Saratani ya ngozi ina uhusiano gani nasi? Hayo si maradhi ya Wazungu?” Swali hilo ni la haki, nami napenda kuanza nalo, kwa sababu dhana hiyo ndiyo inayotucheleweshea wagonjwa.

Ni kweli kwamba maradhi haya huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeupe. Nchini Australia, ambako wakaazi wengi ni wenye asili ya Ulaya na jua ni kali, saratani ya ngozi ni tatizo kubwa la taifa, na tangu mwaka 1981 wamekuwa wakiendesha kampeni ya kuwahimiza watu kuvaa shati, kupaka mafuta ya kinga na kuvaa kofia. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na hatuna budi kushukuru. Lakini kinga hiyo si ukuta usiopenyeka. Mwenye ngozi nyeusi anapopata saratani ya ngozi, mara nyingi huipata mahali asipopatazama, huigundua ikiwa imekwishaenea, na hufa kwa maradhi ambayo yangeweza kuondolewa kwa upasuaji mdogo. Kadhalika, miongoni mwetu wapo ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawana kinga hiyo ya kutosha. Kwa sababu hizo mbili, mada hii ni yetu.

Wengi mnamfahamu mwanamuziki wa kisiwa cha Jamaica, Bob Marley. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu. Doa lile lilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira wa miguu. Alishauriwa kidole kikatwe, naye hakukubali. Alifanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Saratani ilisambaa hadi mapafuni na kwenye ubongo, na tarehe 11 Mei, 1981 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 36. Natoa mfano huu kwa kuwa doa lilianza chini ya ukucha mmoja tu, na mwanzo wake ulifanana na jambo dogo la kila siku.

1. NGOZI NA RANGI YAKE

Ngozi ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili. Ndani ya tabaka lake la juu zimo chembe hai, au seli, zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo hufanya kazi kama mwavuli: huzuia sehemu ya miale ya jua isifike kwenye kiini cha seli na kukiharibu. Watu wote wana idadi ya seli hizo inayokaribiana. Tofauti kati ya mweusi na mweupe ni wingi na aina ya rangi ambayo seli hizo hutengeneza.

Seli za rangi zinapojikusanya mahali pamoja, hutokea baka dogo jeusi au la rangi ya kahawia, lililo bapa au lililoinuka. Baadhi ya watu huzaliwa nayo, na wengi huyapata utotoni na ujanani. Takriban kila mtu mzima anayo mabaka ya namna hiyo, na sehemu kubwa kabisa hayana madhara yoyote hadi mwisho wa uhai wake. Ama yale madoadoa madogo yanayotokea usoni na mabegani kwa watu wenye ngozi nyeupe, hayo hutokana na jua. Yenyewe si saratani, bali ni ishara kuwa ngozi ile inachomeka kwa wepesi na inahitaji hifadhi.

Saratani hutokea pale seli zinapoharibika na kuanza kuzaana bila ya mpango. Aina kuu za saratani ya ngozi ni tatu. Mbili kati ya hizo huanzia katika seli za kawaida za ngozi. Mara nyingi huonekana kama kivimbe au kidonda, na hukua polepole ingawa moja kati yake inaweza kuenea. Aina ya tatu, iitwayo melanoma, huanzia katika zile seli za rangi. Hii ni adimu kuliko nyengine, lakini ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu huwahi kuingia katika matezi na damu na kuhamia katika viungo vya ndani.

2. MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York, Marekani, walitayarisha kanuni nyepesi yenye mambo manne ili kumwezesha mtu yeyote kutofautisha baka la kawaida na baka la kutiliwa shaka. Mwaka 2004 likaongezwa jambo la tano. Mambo hayo ni haya:

(a) Umbo. Baka salama kwa kawaida ni la mviringo. Ukilikata katikati kwa mawazo, nusu zake mbili hulingana. Baka la kutiliwa shaka lina nusu mbili zisizofanana.

(b) Ukingo. Baka salama lina mpaka ulionyooka na unaoonekana wazi. Baka la kutiliwa shaka ukingo wake una mapengo kama ramani ya pwani, au rangi yake humwagikia katika ngozi ya pembeni.

(c) Rangi. Baka salama lina rangi moja. Baka lenye rangi mchanganyiko, yaani nyeusi hapa, kahawia pale, na pengine nyekundu, nyeupe au buluu, lioneshwe kwa daktari.

(d) Ukubwa. Baka linalozidi upana wa milimita 6, ambao ni takriban upana wa kifutio kilichoko kwenye ncha ya penseli, linahitaji kuangaliwa. Hii haina maana kuwa dogo ni salama daima, wala kuwa kubwa ni saratani daima.

(e) Mabadiliko. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Baka lililokaa kimya kwa miaka kisha likaanza kukua, kuinuka, kugeuka rangi, kuwasha, kutoa maji au kutoka damu, lisisubiriwe hata kidogo. Vile vile, baka jipya linalotokea kwa mtu mzima na kuendelea kukua ni la kuchunguzwa.

Pamoja na hayo matano, upo utaratibu mmoja mwepesi zaidi. Mabaka ya mtu mmoja hufanana, kama watoto wa nyumba moja. Likiwepo moja lisilofanana na wenzake, hilo ndilo la kuoneshwa.

3. KWETU SISI WENYE NGOZI NYEUSI: NYAYO, VIGANJA NA KUCHA

Ndugu Wananchi, naomba sehemu hii ipewe mazingatio ya pekee. Kwa watu weusi melanoma haipendi kutokea mgongoni au usoni kama ilivyo kwa Wazungu. Mara nyingi hutokea kwenye nyayo, kwenye viganja na chini ya kucha, na mara chache ndani ya mdomo na sehemu za siri. Hizo ni sehemu zisizo na rangi nyingi. Tena melanoma ya nyayo haisababishwi na jua kama zilivyo nyengine. Kwa hivyo kofia na kivuli havitaizuia. Kinachosaidia ni kuiona mapema.

Hapa ndipo ugumu wetu ulipo. Wavuvi wetu, wakulima wetu na mama zetu wanaolima mwani hutembea miguu mitupu juu ya mchanga, matumbawe na miba. Jeraha la unyayoni kwao si habari. Doa jeusi likitokea kisiginoni, mtu husema ni mwiba uliobakia ndani. Likigeuka kidonda, hufungwa kitambaa na kazi ikaendelea. Miezi hupita, pengine na mwaka. Siku anapofika hospitali, mitoki imekwishavimba kwenye kinena, na tiba iliyokuwa nyepesi imekuwa ngumu.

Basi tushike mambo yafuatayo:

Kwanza, doa jeusi au la kahawia katika unyayo au kiganja, linalotanuka au lenye rangi zisizolingana, lioneshwe kwa daktari hata kama haliumi. Melanoma mwanzoni haiumi, na kutokuuma kwake kusitudanganye.

Pili, kidonda cha unyayo ambacho kimetibiwa na hakikupona baada ya wiki nne kisiitwe tena kidonda cha mwiba mpaka daktari athibitishe hivyo.

Tatu, mstari mweusi katika ukucha. Watu wengi weusi wana mistari myembamba ya rangi katika kucha kadhaa, nayo ni ya kawaida. Mstari wa kutiliwa shaka ni ule uliotokea katika ukucha mmoja tu, khasa wa kidole gumba cha mkono au kidole kikubwa cha mguu. Unaotanuka mwezi hadi mwezi. Au ambao weusi wake umetoka kwenye ukucha na kuingia katika ngozi inayouzunguka. Dalili hii ya mwisho ilielezwa na daktari wa Uingereza, Jonathan Hutchinson, mwaka 1886, na hadi leo madaktari wanaitumia.

Huenda mtu akauliza: nitajuaje kuwa si damu iliyovilia baada ya kujikwaa? Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Ukucha wa mguu hukua kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi. Baada ya miezi miwili utaona nafasi safi imetokea nyuma ya doa. Ikiwa nafasi hiyo haionekani, na weusi bado umeanzia kwenye shina la ukucha, nenda ukapimwe. Na ikiwa hukumbuki kujikwaa, usisubiri hiyo miezi miwili.

4. VIDONDA SUGU, MAKOVU NA MABAKA MENGINE

Saratani nyengine huanzia katika kidonda kilichodumu miaka mingi au katika kovu la zamani la moto. Jambo hili linajulikana tangu karne ya 19, na vidonda vya namna hiyo huitwa kwa jina la daktari wa Ufaransa, Marjolin, aliyevieleza mwaka 1828. Mwenye kovu kubwa la moto ambalo limeanza kuchimbika, kuota nyama au kutoa harufu mbaya, asilichukulie kuwa ni kovu lililokwaruzika tu.

Aidha, yapo mabaka ya rangi ya zambarau au nyeusi yanayotokea miguuni, usoni au ndani ya mdomo, ambayo yanaweza kuwa saratani iitwayo Kaposi. Hii huwapata zaidi watu ambao kinga ya mwili imepungua, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ina matibabu, na mwenye kuipata asijifiche kwa kuona haya.

Na kwa kuwa tunachunguza ngozi, si vyema kuacha kutaja baka lililopauka ambalo halina hisia ukiligusa kwa unyoya au pamba. Hilo si saratani, bali linaweza kuwa dalili ya ukoma. Ukoma unapona kabisa kwa dawa, na ukiwahiwa hauachi kilema.

5. NDUGU ZETU WENYE UALBINO

Mwenye ualbino amezaliwa bila ya uwezo wa kutengeneza melanini ya kutosha. Si laana, si mkosi, wala si maradhi ya kuambukiza. Ni jambo la kurithi: baba na mama, ambao wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa, kila mmoja hubeba chembe ya urithi inayohusika, na mtoto huzipokea zote mbili. Katika Tanzania idadi inayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango ambacho ni kikubwa kuliko cha Ulaya.

Visiwa vyetu viko baina ya nyuzi 4 na 7 kusini ya Ikweta. Jua letu ni kali mwaka mzima. Ngozi ya mtoto mwenye ualbino huanza kuharibika tangu akiwa mdogo. Kwanza hupata madoadoa ya kahawia. Kisha mabaka makavu yenye magamba yanayokwaruza, usoni, masikioni, mdomoni, shingoni na nyuma ya mikono. Magamba hayo ndiyo mlango wa saratani. Yakioneshwa katika hatua hiyo, daktari huyaondoa kwa dawa au kwa kuyagandisha kwa baridi kali, na mtu akarejea nyumbani siku hiyo hiyo. Yakiachwa, huwa vidonda. Na vidonda hivyo, mara nyingi vya kichwa na shingo, vimewaua wengi wakiwa bado vijana.

Kwa hivyo mwenye ualbino anastahiki kuchunguzwa ngozi yote na mhudumu wa afya kila baada ya miezi mitatu hadi sita, hata kama haoni tatizo. Mzee wa mtoto kama huyo ahakikishe ana kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kinga ya jua. Mafuta hayo hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Walimu nao wamkalishe mbali na dirisha linaloingiza jua, wampe nafasi ya mbele kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, na wasimsimamishe juani kwenye gwaride wala kumpa kazi ya bustani mchana.

Katika Tanzania Bara, kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kimefanya kazi kubwa katika suala hili, ikiwa ni pamoja na kutengeneza mafuta ya kinga kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ni ushahidi kuwa jambo hili linawezekana kwa mikono yetu wenyewe.

6. NAMNA YA KUJICHUNGUZA

Uchunguzi huu hufanywa mara moja kila mwezi na hauzidi dakika 15. Ili usisahau, chagua siku ambayo huisahau. Mtumishi wa Serikali anaweza kuchagua siku ya mshahara. Wengine wachague mwezi unapoandama.

Simama penye mwanga mzuri baada ya kuoga. Uwe na kioo kikubwa kimoja na kidogo cha mkononi. Anza na uso, usisahau nyuma ya masikio na ndani ya midomo. Kichwani, mwenzio apasue nywele kwa kitana. Kinyozi na msusi pia wanaweza kukuambia walichokiona. Fuata shingo, kifua, na kwa kina mama chini ya matiti. Inua mikono utazame makwapa. Tazama viganja, baina ya vidole na kucha moja moja, bila ya rangi ya kucha wala hina ikiwezekana. Mgongo na makalio vitazamwe kwa vioo viwili, au na mume au mke. Kisha kaa kitako, uinue mguu mmoja baada ya mwengine: paja, goti, muundi, baina ya vidole, kucha, na unyayo wote kutoka kisigino hadi ncha. Kwa wazee wasioweza kuinama, vijana wa nyumba wawasaidie. Kumwosha mzee miguu na kuitazama ni heshima na ni tiba.

Ukikuta baka la kulifuatilia, liandike katika daftari: lipo wapi, lina upana gani kwa rula ya mtoto wa skuli, lina rangi gani, na tarehe. Mwenye simu ya kupiga picha aweke rula pembeni na kupiga picha. Mwezi ujao linganisha. Lakini baka lenye dalili nilizozitaja halihitaji kusubiri mwezi ujao.

7. YASIYOFAA KUFANYWA

Usilikate baka kwa wembe, wala usilifunge uzi ili likatike. Usilichome kwa maji ya betri, magadi au tindikali. Ukifanya hivyo na ikawa ni saratani, sehemu ya juu huondoka na mizizi ikabaki, na daktari hukosa kitu cha kupima.

Usitumie mkorogo na mafuta ya kujichubua. Mengi yana zebaki au dawa kali, na yote huiondolea ngozi ule mwavuli wake wa asili.

Kwa ndugu zetu waganga wa tiba asili, nina ombi moja. Nyinyi ndio wengi huwaendea kwanza. Mkiona doa la unyayo linalokua, au kidonda kisichopona, mwelekezeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa kufanya hivyo mtakuwa mmemwokoa.

8. NINI HUFANYIKA HOSPITALI

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu na shehia yako. Mhudumu akiona haja, atakupeleka hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hospitali kubwa ya rufaa. Daktari atatazama ngozi na kupapasa matezi. Baka likitiliwa shaka, atalitia ganzi, alikate lote au sehemu yake, na kipande kipelekwe maabara kutazamwa kwa hadubini. Bila ya hatua hiyo hakuna anayeweza kusema kwa yakini kuwa ni saratani au siyo.

Ipo imani iliyoenea kuwa “saratani ikiguswa na kisu huamka”. Imani hiyo si sahihi, na imewagharimu watu maisha yao. Kukata kipande kwa ajili ya kupima hakuienezi saratani. Kinachoieneza ni muda.

Melanoma hupimwa kwa unene wake ndani ya ngozi, utaratibu uliotolewa na daktari wa Marekani, Alexander Breslow, mwaka 1970. Ikiwa haijazidi milimita 1, ambayo ni zaidi kidogo tu ya unene wa kadi ya benki, mara nyingi kuikata pamoja na ukingo wa ngozi salama hutosha. Takwimu za Marekani zinaonesha kuwa katika kila wagonjwa 100 ambao melanoma yao haijatoka mahali ilipoanzia, zaidi ya 95 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika katika viungo vya mbali, wanaofikia miaka hiyo ni takriban theluthi moja tu, tena kwa dawa za gharama kubwa. Wagonjwa wanaohitaji matibabu ya mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Safari ambayo ina gharama na usumbufu kwa familia nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

9. WAJIBU WA OFISI NA WA KILA MMOJA WETU

Kwa wakuu wa kazi: mtumishi anapoomba ruhusa ya nusu siku kwenda kuonesha doa au kidonda, asiambiwe kuwa hilo ni jambo dogo. Wenye ualbino walioajiriwa wasipangiwe kazi za juani. Wafanyakazi wa barabara, bustani na bandari wapatiwe kofia na, inapowezekana, kazi nzito zifanywe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kwani baina ya saa hizo ndipo miale inapokuwa mikali zaidi.

Kwa wanaofanya kazi baharini na ufukweni: mchanga mweupe na povu la bahari hurejesha sehemu ya miale juu, na mawingu membamba hayaizuii. Nguo nzito ya mikono mirefu, kanga na kofia ya ukili yenye ukingo mpana ni kinga nzuri, ya bei nafuu, na tunaitengeneza wenyewe. Mwenye uwezo wa viatu vya kuingilia majini avivae, kwa kuwa unyayo usio na majeraha ya kila siku ni rahisi kuukagua.

Kwa Masheha: kila sheha anawajua watu wenye ualbino katika shehia yake. Nawaombeni mhakikishe kila mmoja wao ameonwa na mhudumu wa afya mwaka huu.

Ndugu Wananchi,

Sikuja hapa kukutieni khofu. Katika mabaka mia mtakayoyaona usiku wa leo, takriban yote yatakuwa salama, na mtalala kwa utulivu. Lakini iwapo katika nyumba moja ya Makunduchi, Nungwi, Wete au Mkoani litaonekana doa moja la unyayoni ambalo lingepita bila ya kutazamwa, na mwenye nalo akafika hospitali likiwa bado halijazidi unene wa kadi, basi kikao hiki kitakuwa kimefanya kazi yake.

Naomba kila aliyehudhuria awafikishie maelezo haya watu wake wa nyumbani, na aanze kwa kutazama miguu ya mzee wake.